Picha ya Kuinama

Kwa miezi saba Winchi alisukuma toroli tupu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wabebaji wake walidhani ni utaratibu mpya wa kukagua njia: bosi anatangulia na toroli, anapima kona za korido, anahesabu vidato vya ngazi, ndipo mzigo wenyewe unafuata. Yeye hakuwakatalia. Ukweli ni kwamba bila kitu cha kuegemea mbele hakuweza kwenda mbali. Akinyooka, moto ulianza makalioni, ukashuka mapajani, ukafika visiginoni, kisha miguu yote miwili ikafa ganzi, kana kwamba aliiazima na mwenyewe sasa anaitaka. Akiinama juu ya toroli, moto ulizimika ndani ya dakika moja.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyumba za watu: makabati, vitanda, mafriji, na mara moja kwa mwaka kinanda ambacho hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kukipiga. Jina la Winchi walimpa wateja, zamani, aliposhusha sanduku la chuma kutoka ghorofa ya nne akiwa na kamba na msaidizi mmoja tu. Alikuwa na kanuni moja, na kila mbebaji mpya aliifanyia mazoezi wiki nzima kwa boksi tupu: makalio nyuma, kifua mbele, mgongo ubao. Aliyekunja mgongo alirudia. Aliyekunja mara tatu alitafutiwa kazi ya kufunga vikombe kwa magazeti. Katika miaka thelathini na minne hakuna mtu wake aliyelazwa kwa ajili ya mgongo, na sasa aibu ya kuwa wa kwanza ndiyo iliyomfunga mdomo.

Siri yake ilifichuliwa na mkewe, katika duka kubwa. Mkewe alifundisha hesabu, na hata watoto wao, ambao wote walikuwa na nyumba zao, walimwita Mwalimu. Siku hiyo Winchi alizunguka rafu kwa dakika arobaini akisukuma kitoroli cha duka kwa raha zake, akasoma mpaka maandishi ya nyuma ya makopo. Mlangoni mlinzi akamwambia kitoroli hakitoki nje. Muda si muda alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, kapu mapajani, akijipapasa mifuko.

"Ufunguo wa gari ninao mimi," Mwalimu alisema. "Unaumwa tangu lini?"

"Siumwi. Nimekaa tu."

"Ndani umetembea dakika arobaini. Nje umetembea dakika moja. Tofauti ni kitoroli. Unaumwa tangu lini?"

Winchi alimfahamu mkewe: akishika hesabu haiachi mpaka itoke. Akasema yote.

Hospitalini walianza na dawa, wakafuata mazoezi, wakaja kwenye sindano ya mgongoni. Nafuu ilikuja, ikakaa wiki tatu, ikaaga. Ndipo wakapelekwa kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti tulivu, aliyekuwa na uti wa mgongo wa plastiki juu ya meza na kuuchezea kama wengine wanavyochezea kalamu.

"Hapa," alisema, kidole chake kikiwa kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, "mishipa ya fahamu ya miguu inapita ndani ya mfereji. Wako umebanwa. Mfupa umenenepa, kano zimenenepa, nafasi iliyobaki ni kama korido iliyojaa makabati. Ukiinama mbele, korido inapanuka kidogo. Ndiyo maana unalipenda toroli."

"Ni mizigo?" Winchi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni miaka. Wiki iliyopita nimempasua karani ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko faili."

Winchi akashusha pumzi. Hilo peke yake lilimponya robo.

Daktari akaeleza njia. Ya kwanza ni kupanua: kuchonga mfupa na kano zinazobana, kufunga jeraha, basi, siku mbili hospitalini na wiki sita za kujituliza. Ya pili ni kupanua vilevile, kisha kuzifunga pingili mbili kwa skrubu na fito za chuma mpaka ziungane ziwe mfupa mmoja. Kisu kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, damu inamwagika zaidi, na kupona kunahesabiwa kwa miezi. Iko pia kabari, kipande kidogo cha chuma kinachopachikwa nyuma, kati ya nundu za mfupa, ili zisikaribiane. Jeraha lake ni dogo, lakini wanaorudi kupasuliwa tena ni wengi kuliko katika zile njia nyingine mbili.

"Kabari kwako siitaki," alisema, "kwa sababu pingili yako ya nne imeteleza mbele milimita nne. Swali ni moja: imetulia pale ilipo, au inacheza? Kama imetulia, kupanua kunatosha, na skrubu zitakupa maumivu ya ziada bila faida ya maana. Kama inacheza kila ukiinama, nikichonga bila kuifunga inaweza kuendelea kuteleza. Kwa hiyo utapigwa picha mbili za eksirei. Moja umejinyoosha, moja umeinama."

"Mimi nina swali langu moja," Winchi alisema. "Nitabeba tena?"

"Tungoje picha."

Nyumbani Mwalimu alichora jedwali kwenye karatasi ya miraba, akajaza kwa penseli ngumu. Siku za kulazwa, wiki za kupumzika, wangapi katika mia hurudi kupasuliwa. Penye namba asiyokuwa na uhakika nayo aliweka alama ya kuuliza, na alama hizo zilikuwa nyingi kuliko alivyopenda. Jumamosi kaka yake alikuja kuwajulia hali. Alikuwa fundi magari, na kabla hajaketi alishakata shauri.

"Skrubu," alisema. "Kitu kinacheza, unakaza. Hakuna mjadala hapo."

"Shemeji, mimi si gari," Winchi alisema.

"Ungekuwa gari ningeshakuuza."

"Kaka," Mwalimu akaingilia, macho kwenye jedwali, "umewahi kukaza nati ambayo haikulegea?"

Fundi magari akakuna kidevu. "Mara moja."

"Ikawaje?"

"Ikakatika."

"Basi na wewe ngoja picha."

Winchi alicheka pamoja nao, lakini moyoni skrubu alizichukia kwa dhati. Alijiona kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi, amekakamaa kama aliyemeza ufito, akiwaelekeza wengine kwa kidole huku makabati yakimpita. Wiki sita angeweza kuzivumilia. Kuwa bosi wa kidole, hapana. Akaanza kuiombea pingili yake itulie.

Mpiga picha wa eksirei alikuwa mtu wa haraka, foleni yake imefika mlangoni. Alimsimamisha Winchi pembeni mwa mashine, akapiga ya kwanza, kisha akasema kutoka nyuma ya kioo, "Haya mzee, inama kadiri uwezavyo. Usibane pumzi."

Winchi akainama. Aliinama jinsi alivyoinama kwa miaka thelathini na minne: makalio yakaenda nyuma, kifua kikabaki mbele, mikono ikashuka mpaka ncha za vidole zikagusa sakafu.

"Duh!" mpiga picha akasema. "Mzee, huku wanakuja watu nusu ya umri wako na hawafiki magotini."

"Ni kazi," Winchi akajibu, kichwa kimevimba, na akakaa vilevile mpaka alipoambiwa inatosha.

Siku ya nne daktari akapiga simu. Ripoti ilisema milimita nne picha ya kwanza, milimita nne picha ya pili. Pingili haichezi. Atapanua tu; Alhamisi ijayo. Winchi akaweka simu mezani, akamshika Mwalimu viganja vyote viwili, wakacheza katikati ya sebule hadi miguu yake ilipowaka na akalazimika kuuegemea mgongo wa kiti, bado anacheka. Jioni hiyohiyo aliwapigia wabebaji wote, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia kwamba baada ya wiki sita mwenye mgongo uliokunjika ajiandae.

Jumapili kabla ya upasuaji, adhuhuri, Mwalimu aliibandika ile jozi ya picha kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake. Alitaka kumwonyesha kaka yake, ambaye alikuwa kochini na bakuli la karanga, kwamba nati haikulegea. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kumshinda kaka. Akaenda kwenye mkoba wake wa shule, akarudi na rula na kipimapembe. Akapima. Akafuta. Akapima tena.

"Hii ni ipi?" aliuliza.

"Ya kuinama," Winchi akajibu.

"Na hii?"

"Ya kusimama. Zimeandikwa pembeni."

"Nimeona zimeandikwa. Pembe ya kiuno hapa ni nyuzi arobaini na moja. Hapa ni thelathini na tisa." Akageuka. "Hebu inama, kama ulivyoinama kule."

Winchi akainama. Makalio yakaenda nyuma, yakagonga kabati la vyombo, glasi zikalia. Mwalimu akaweka kiganja kwenye kiuno chake: ubao mtupu.

Fundi magari alikuwa wa kwanza kuelewa. Karanga zilimpalia. "Dada! Mumeo hakwenda kupigwa picha! Amekwenda kuibeba mashine!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Winchi naye akaanza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu mkewe hakucheka.

"Maana yake nini?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Maana yake picha ya kuinama haipo. Hapa ziko picha mbili za kusimama, na moja imelala. Kilichokunjika ni nyonga. Kiuno kimekunjika nyuzi mbili, na mbili ni makosa ya rula yangu."

"Daktari ameshaamua."

"Ameamua kwa kipimo ambacho hakikupimwa."

"Mwalimu, Alhamisi nafanyiwa upasuaji mdogo. Wiki sita, nimerudi. Sasa tunachokoa nini?"

Mkewe hakubishana. Alizibandua picha dirishani, akazirudisha kwenye bahasha, akaiweka mezani. "Mgongo ni wako," alisema. "Na simu ni ile pale."

Winchi aliitazama ile bahasha kwa hasira, kama vile ndiyo iliyoinama vibaya. Alifikiria wiki sita. Alifikiria kiti cha plastiki. Kisha, bila kutaka, akawaza angefanyaje kama mbebaji wake angemwambia kona ya ngazi ina sentimita tisini, naye akagundua kwamba utepe wa kupimia ulikuwa umelegea. Asingeliingiza kabati kwenye ngazi ile. Angemrudisha akapime upya, na angemsema njia nzima. Akaivuta simu.

"Daktari," alisema, "nimeidanganya mashine yako. Sikukusudia. Nimeinama kibebaji."

Ilimchukua muda kueleza kuinama kibebaji ni nini.

"Njoo kesho saa mbili," daktari akasema. "Na kosa si lako peke yako. Mimi nilisoma ripoti, sikupima pembe. Nani kapima?"

"Mke wangu. Kwa kipimapembe cha darasa la sita."

"Mlete."

Kesho yake daktari alishuka mwenyewe chumba cha eksirei. Safari hii Winchi hakusimama. Walimkalisha kwenye stuli fupi, magoti mbele yake.

"Kumbatia magoti," daktari akasema. "Sasa kunja mgongo kama paka aliyeogopa."

"Mgongo sikunji, daktari. Kuna watu nimewaondoa ngazini kwa hilo."

"Leo nakuondoa mimi usipokunja."

Akaukunja. Ilimwia vigumu, na si kwa maumivu. Kwa kweli maumivu yalipungua, kwa kuwa korido ilipanuka. Ni kwamba alijihisi kama mtu anayevuliwa nguo mbele ya wanafunzi wake. Alikunja kidogo, akakunja tena, akakunja mpaka kidevu kikagusa goti, na Mwalimu nyuma ya kioo akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Hivyo ndivyo mwenzangu anavyokaa akila embe!"

Dakika kumi baadaye walikuwa ofisini, picha mpya imeangazwa ukutani. Haikuhitaji rula. Pingili ya nne ilikuwa imetoka nje ya mstari kama droo iliyosahauliwa wazi.

"Milimita tisa," daktari akasema. "Inacheza."

Uso wa Winchi ukashuka. "Basi ni skrubu."

"Ushauri wangu ni huo. Uamuzi ni wako."

"Na akichagua kupanua tu?" Mwalimu aliuliza, penseli mkononi.

"Anaweza kupona vizuri. Wako wanaopona. Lakini kwa milimita tisa, na kwa kazi yake, nitakuwa nabahatisha, na nikikosea nitarudi kupasua juu ya kovu. Kovu ni mahali pabaya pa kufanyia kazi."

Winchi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakiona kile kiti cha plastiki, na sasa kilikuwa na mto. "Nitabeba tena?" aliuliza. Alilitamka swali lile kwa namna ya mtu anayeomba aambiwe hapana upesi.

Daktari alichukua ile picha ya zamani, ya kuinama kibebaji, akaiweka kando ya mpya.

"Hapa mikono yako ilifika wapi?"

"Sakafuni."

"Kiungo hiki, ninachotaka kukifunga, kimekusaidia kufika huko kwa nyuzi ngapi?"

Winchi akamtazama mkewe.

"Hazipimiki," Mwalimu akasema, na penseli ikasimama katikati ya karatasi.

"Skrubu zitakunyang'anya mkunjo wa kiungo kimoja," daktari akaendelea. "Yule karani wangu ningemfunga hapa angeulilia mkunjo huo kila siku, maana huutumia kuokota kalamu. Wewe unafika sakafuni bila kuugusa. Nitakifunga kitu ambacho kazini kwako hukitumii."

Winchi alikodoa macho kwenye ile picha. Ndiyo iliyomdanganya daktari, ndiyo iliyomharibia Jumapili, na sasa alitamani kuiwekea fremu.

"Usifurahi mno," daktari akamwonya. "Sikuandikii hati. Miezi mitatu ya kwanza hunyanyui kitu kinachozidi birika la chai. Kisha mazoezi, na uzito unaongezwa kidogokidogo. Mfupa ukiungana, na hilo litasemwa na picha, si na wewe, utanyanyua ukiwa na mtu upande wa pili. Friji peke yako mgongoni, hapana, na usiniulize tena. Soksi zitakusumbua. Na pingili ya juu ya hizo itabeba kazi zaidi. Huenda miaka ijayo nayo ikaja kugonga mlango huu."

"Huyo mwenzangu wa upande wa pili," Winchi aliuliza, "lazima awe na nguvu?"

"Lazima awe na akili."

"Hapo umenimalizia wabebaji wote."

Akatia saini. Mwalimu akalipiga mstari jedwali lake, akaandika chini yake milimita tisa, akakunja karatasi. Fundi magari alipopewa habari alidai skrubu moja imepewa jina lake, na akaomba aambiwe zimekazwa kwa nguvu kiasi gani, kwa maana kukaza kupita kiasi anakujua.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Siku ya pili Winchi alisimamishwa, akatembea korido ya wodi kutoka mlango hadi dirisha, polepole, jeraha likimuuma sana na miguu haimuumi hata kidogo. Alifika dirishani, akageuka, akarudi, na muuguzi akamwambia inatosha. Kwa miezi mitatu alinyanyua birika la chai kwa utiifu uliomchosha kila mtu: makalio nyuma, kifua mbele, mgongo ubao, halafu anamimina. Soksi alivishwa na Mwalimu, ambaye alisema mguu wa kushoto ni mgumu kuliko wa kulia na hana maelezo.

Mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji, picha ikasema mfupa umeungana. Daktari akaikubali. Mwalimu akaipima, akaikubali pia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kabati la milango mitatu, ghorofa ya pili, ngazi yenye kona mbili. Miaka yote Winchi alishika upande wa chini, ambao ndio mzito ngazini. Safari hii wabebaji walimwachia upande wa juu, naye akaushika. Mbebaji wa chini akainama, kiuno kikajikunja kidogo tu, karibu kisionekane.

"Rudia!" Winchi akafoka.

Wa chini akaachia, akajipanga, akanyanyua upya. Wakashuka kona ya kwanza, wakashuka ya pili, wakavuka ua mpaka kwenye lori, na mwenye nyumba, mama mmoja aliyekuwa amefuata nyuma na feni mikononi, akamwona Winchi anafuta jasho.

"Mzee," akasema kwa huruma, "si ungekaa kidogo upumzike? Nikuletee kiti?"

"Mama, kiti nimekikalia miezi kumi na mmoja," Winchi akasema, na akapanda tena ngazi kufuata kitanda.